Bastola ya Ocira na Picha ya Tatu

Makindye, Kampala
9 Januari 2025

Mjomba Swaib,

Natumaini barua hii imekukuta umeshakunywa chai, maana kabla ya chai najua husomi wala husikilizi. Sisi hapa wazima. Shamirah amejifungua mtoto wa kike, na jina bado, kwa sababu kila mtu ana lake na dada yangu hasikilizi la mtu. Ule ukuta wa nyuma uliojenga na marehemu Mama umesimama. Wa jirani umelala chini kwa mvua ya Desemba. Msalimie Mama Huzaifa. Mwambie ubani wake haujanifikia, nadhani Dawudi kondakta ameufukiza ndani ya basi lake.

Ningekupigia simu, lakini mara ya mwisho nilikuuliza habari za msiba ukanijibu habari za mbuzi, na matanga mazima yakanisikia nikipayuka. Masikio yako uliyaacha kwenye uwanja wa shabaha. Basi Dawudi ataendelea kutubebea barua, na wewe utaendelea kumlaumu.

Sasa jambo lenyewe. Unajua kazi yangu ya kukodisha nguo na vifaa vya maigizo. Wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Kyambogo wamenijia na tamthilia ya mababu zetu, wale askari wa Kisudani walioletwa kupigana vita vya watu wengine. Nimeshona kanzu, nimetafuta tarbushi, hata viatu nimepata. Kilichobaki ni bastola ya afisa. Mwishoni afisa anamnyooshea askari wake anayekataa amri, kifuani, karibu kabisa, halafu inalia. Bila hiyo hakuna mchezo.

Kuna mtu anaitwa Ocira. Kampuni moja ya sinema kutoka nje ilipomaliza kazi yake hapa ilimwachia makorokoro, na kati yake iko bastola ya baruti nyeusi. Si ya zamani kweli, ni ya kuiga, imetengenezwa Italia juzijuzi kwa mfano wa zile za kale: risasi haiingii kwa nyuma, unapakia baruti na tufe la risasi kwa mbele, tundu baada ya tundu, na nyuma unaweka fataki ndogo inayogongwa na nyundo. Imechakaa. Rangi imetoka, mpini una ufa, silinda inacheza kidogo. Ocira anasema, "Dada, hii kitu ni ya firimu tu, haina maneno. Kama hutaki, kuko Muchaina nataka chukua."

Mimi naitaka, lakini sitaki kuuziwa chuma chakavu. Wewe umekuwa fundi silaha wa jeshi tangu sijazaliwa. Nimekuwekea picha sita, nimezipiga chapa nzurinzuri, na nyuma ya kila moja nimeandika namba. Ziangalie uniambie neno moja tu: inafaa kununuliwa au haifai?

Binti ya dada yako,
Aminah


Arua
30 Januari 2025

Koplo wangu,

Nimekunywa chai. Hongera kwa Shamirah, na mtoto aitwe Sumayiya kama mama yenu, nimemaliza mjadala. Mama Huzaifa anasema ubani alimpa Dawudi mkononi, na huyo Dawudi siku moja nitamshusha kwenye basi lake mwenyewe. Huku jua kali, mihogo imekauka, mbuzi wawili wameuzwa.

Kwanza mwandiko wako. Unaandika kama kuku aliyekanyaga wino. Andika herufi kubwa, kalamu nene, acha nafasi kati ya mistari. Karatasi si ghali.

Picha zako zimefika, ahsante.

Uniambie haya. Fremu yake ni ya chuma au ya shaba? Kama ni shaba, toa silinda, pitisha ukucha pale silinda inapoegemea nyuma. Ukucha ukikwama kwenye mfereji wa duara, shaba imeshagongwa ikabonyea, na hiyo bastola imekwisha. Pili, vuta nyundo polepole ukiwa umeisogeza sikioni, uniambie unasikia milio mingapi, na kama silinda inajifunga kabla nyundo haijafika mwisho au baadaye. Tatu, ikiwa imefungwa, itikise kwa kidole gumba: inacheza kushoto-kulia, au mbele-nyuma? Nne, chukua kijiti chembamba, kichomeke katika kila tundu kutoka mbele mpaka kigote, weka alama kwa kisu, uniambie alama zimelingana au hazikulingana. Hili la nne usilisahau.

Na karatasi za polisi? Baruti nyeusi au nyeupe, silaha ni silaha. Usiniletee mambo ya sinema.

Mama Huzaifa anasalimu. Goti lake limepona, mdomo haujapona.

Mjomba wako,
Swaib


Makindye
14 Februari 2025

Mjomba,

Hujambo, na goti la Mama Huzaifa lihimidiwe. Mtoto ameitwa Sumayiya. Shamirah alilia aliposikia ni amri yako, halafu akakubali. Huku vumbi tupu, na umeme unakatika kila napotaka kupiga pasi kanzu za maonyesho. Haya, herufi kubwa hizo, natumaini zimekutosha. Nimemaliza karatasi tatu kusema kitu cha karatasi moja.

Mjomba, nisamehe, lakini ulizitazama picha? Unaniuliza fremu ni shaba au chuma. Picha ya kwanza inaonyesha shaba, ya njano kama sufuria ya bibi, hata kipofu angeiona. Unaniuliza ukucha, picha ya nne nimeipiga palepale. Unaniuliza matundu, picha ya tatu nimeipiga kwa mbele, matundu yote sita yanakutazama. Nimelipa studio nzuri ili usiniulize mambo haya, na wewe umenirudishia maswali kana kwamba nilikutumia bahasha tupu. Nimekasirika kidogo, na nakuambia wazi.

Majibu. Milio mitatu. Silinda inajifunga, wakati mwingine inachelewa. Inacheza kushoto-kulia, mbele-nyuma kidogo sana. Ukucha unapita bila kukwama, ila kuna michubuko. Nimeipima kwenye ile mizani ya Mama ya unga, ni nzito kuliko nilivyodhani, mkono wa mwigizaji utachoka. Jana paka alilala juu yake, amenukia mafuta ya bunduki siku nzima.

Usiwe na wasiwasi wa usalama. Nilifanya vile ulivyotufundisha pale kambini tukiwa watoto: nikaielekeza kwenye beseni la mchanga, nikafyatua tundu baada ya tundu, yote sita. Tik, tik, tik. Silaha salama, afande! Ungeniona ungenipa cheo kingine.

Kijiti sikupata nafasi.

Maonyesho yamepangwa Jumamosi tarehe 26 Aprili. Bado nasubiri neno lako moja.

Aminah


Arua
4 Machi 2025

Koplo,

Ramadhani imetukuta wazima, na natumaini nanyi pia. Mama Huzaifa amekuwekea tende, na safari hii Dawudi amekula kiapo. Huzaifa kapata kazi ya kuendesha lori mpaka Juba, mama yake hana raha.

Sasa nisikilize. Bastola ya Ocira imefikaje kwenye mizani ya dada yangu? Paka wa Makindye amelalaje juu yake? Huyo Ocira anakuazima mali yake ilale kwako? Umeshainunua, Aminah. Uliinunua kabla hujaniandikia, au siku hiyo hiyo. Basi unaniuliza nini? Unataka nikupongeze?

Sikukasirikia kununua. Nimekasirika kuulizwa jambo lililokwisha amuliwa.

Na kijiti hukupata nafasi! Una nafasi ya kupima kwenye mizani, una nafasi ya kufyatua mchanga mara sita, huna nafasi ya kuchomeka kijiti. Nimefundisha kuruti miaka mingi na wote walikuwa na tabia yako, wanajibu maswali rahisi na kuliruka lile moja. Huniulizi kwa nini nataka kijiti, na hata ukiniuliza sikuambii. Fundi akimwambia mwanafunzi anatafuta nini, mwanafunzi atakiona hata kama hakipo. Pima kwanza, nami nitakuambia.

Hizo picha usizitaje tena. Picha haishikiki.

Mpaka unijibu la kijiti, mimi sina la kuandika. Ramadhani njema.

Swaib


Makindye
6 Aprili 2025

Mjomba,

Idd imepita na hatukupeana hata salamu. Nilingoja barua yako, nadhani nawe ulingoja yangu, na Dawudi amekuwa akipita mikono mitupu akinicheka. Tende zilifika zote, zilikuwa tamu. Mtoto ameanza kucheka. Haya, nimeanza mimi.

Ndiyo, nilishanunua. Nilinunua siku mbili kabla ya kukuandikia. Nilitaka uniambie inafaa ili nisijione mjinga, na kama ungesema haifai ningesema basi sikununua. Nilikosea. Lakini nawe, Mjomba, neno moja lingekuua? Miezi mitatu nakuomba neno moja. Kila mtu pale Kyambogo anajua nina mjomba fundi silaha, nimejisifu mpaka nikachoka, na kila Ijumaa mwalimu wao ananiuliza mjomba amesemaje.

Kijiti. Nimechomeka. Matundu matano alama zimelingana sawasawa. Kwenye la sita kijiti kinagota karibu na mdomo. Ni uchafu tu: limejazwa mafuta yaliyoganda, meupe, yanaonekana wazi kwenye ile picha ya tatu usiyotaka niitaje. Nilikwangua kidogo kwa pini, chini ya mafuta kuna kitu cha kijivu, kigumu. Nadhani ni kizibo walichoweka watu wa sinema. Ocira anasema niipashe moto kwenye jiko litoke. Lakini haidhuru, hatupigi risasi sisi. Ilikuja na kikopo cha fataki, tutaziweka fataki peke yake, zilie. Zimebaki chache, kwa hiyo tutazijaribu mara ya kwanza kwenye zoezi la mwisho, Jumatano tarehe 23, na wote wakiwa wamevaa. Oola ndiye afisa. Saverio ndiye askari anayekataa amri, anafungua kifua na kumwambia piga. Mara ya kwanza nilipoiona, bila mlio wowote, nilitokwa machozi. Nilimfikiria babu.

Basi nimejibu. Sasa nipe neno langu. Dawudi anaondoka kesho alfajiri.

Aminah


Arua
22 Aprili 2025

AMINAH ISIGUSWE.

Barua yako nimepewa leo. Basi la Dawudi liliharibika giaboksi, limelala gereji Karuma majuma mawili na barua yako iko ndani ya sanduku la spana.

Tundu la sita limepakiwa. Lile la kijivu ni tufe la risasi. Mafuta hupakwa juu yake ili moto usiruke tundu hadi tundu. Usiipashe moto. Usikwangue. Usiweke fataki. Mchanga wako haukuonyesha kitu, bastola hii bila fataki itasema tik hata ikiwa imejaa. Nilichowafundisha nyinyi ni cha bunduki nyingine. Ielekeze ukutani pasipo na mtu, toka chumbani, mwite fundi silaha wa polisi.

Niko kwenye kibanda cha Pélagie, Mkongo anayetuma pesa kwa simu, anajaribu namba yako. Anasema unakata. KWA NINI UNAKATA.

Oola asimnyooshee mtu.

Swaib


Makindye
28 Aprili 2025

Mjomba,

Salamu baadaye. Nakuandikia kwa herufi kubwa kabisa, na utajua kwa nini.

Nilikata kwa sababu kila siku napigiwa na matapeli. Namba siijui, mwanamke anapayuka: "Allo! Ni weye Amina? Kuko muzee huku kwangu, anasema ile kintu usiiguse!" Nikasema haya, leo wamekuja na mtindo wa kintu. Nikakata. Akapiga, nikakata. Siku ya pili asubuhi, Jumatano yenyewe, nikiwa kwenye teksi na mzigo wa kanzu mapajani, akapiga tena, nami nikapokea ili nimtukane. Kabla sijafungua mdomo akasema, "Muzee anasema kwanza nikuite Koplo. Koplo, anasema, bunduki iko na risasi ndani. Anasema tena. Anaria, mama. Muzee anaria."

Hakuna tapeli anayejua Koplo.

Bastola haikuwa nami. Nilikuwa nimempa Oola tangu Jumapili aizoee uzito wake. Nilimpigia, hakupokea, alikuwa anavaa. Nilimpigia mwalimu, simu imezimwa. Nilishuka kwenye teksi nikapanda bodaboda na zile kanzu zinapepea, nikapoteza tarbushi mbili barabarani, sikuzirudia. Nilipoingia ukumbini walikuwa wamefika palepale. Saverio amefungua kifua. Oola amenyoosha mkono. Nilipiga ukelele ambao sijui ulitoka wapi, "Weka chini!", kwa sauti ya kambini, sauti yako. Oola ni mtoto wa askari polisi, amekulia kambi yao ya Nsambya. Mwili wake ulitii kabla ya akili. Aliiweka sakafuni, mdomo kuelekea ukutani, akarudi nyuma. Fataki zote sita zilikuwa zimeshawekwa.

Wote wakaniuliza kuna nini, nikawaambia ina risasi ndani. Saverio alikaa chini akawa anacheka peke yake.

Oola alimpigia sajini mmoja wa kule Nsambya, fundi silaha, mwanamke anaitwa Akullo. Alikuja na kibegi chake. Alitoa fataki moja moja, akatoa silinda, akamimina maji, akangoja, akaitoa ile risasi kwa skrubu. Tufe la kijivu, kama punje kubwa ya dengu, limelala kiganjani mwake. Nyuma yake ilitoka baruti, sasa imelowa maji; kabla ya hapo, alisema, ingewaka. Anadhani mwenye bastola wa kwanza huko nje alikuwa anapiga shabaha, tundu moja likagoma, akasahau, akaiuza. Watu wa sinema hawakuangalia. Ocira hakuangalia. Mimi niliangalia kwa mchanga.

Ameichukua mpaka karatasi zipatikane, na nimeandika maelezo yangu kituoni. Walinisema sana. Jumamosi mchezo ulichezwa kwa kipande cha mti kilichopakwa rangi nyeusi, na mlio wa mbao mbili nyuma ya pazia. Watu walilia hivyo hivyo. Mjomba, watu walilia kwa kipande cha mti, na mimi karibu nimwue mtoto wa mtu kwa ajili ya kitu cha kweli.

Sasa nina hasira na wewe, na sijamaliza.

Nilimwonyesha Sajini Akullo ile picha ya tatu kwenye simu yangu. Aliitazama mara moja tu. Akasema, "Hii hata kuruti ataona, dada. Matundu tano nyeusi, moja nyeupe. Hukuuliza mtu?" Nikamwambia nilimuuliza mjomba wangu, fundi silaha wa jeshi, na picha hii hii alikuwa nayo tangu Januari.

Nimezirudia barua zako zote, moja baada ya nyingine. Herufi kubwa, kalamu nene. Pitisha ukucha. Isogeze sikioni. Itikise kwa kidole. Chomeka kijiti. Picha haishikiki. Na mistari yako inapandana, Mjomba, barua ya Machi mstari wa nne umeandikwa juu ya mstari wa tatu, nilidhani ni hasira. Nami nikakuandikia hata kipofu angeiona.

Huoni. Tangu lini? Mama Huzaifa anajua? Kwa nini uliniacha nikukasirikie miezi yote ile badala ya kuniambia maneno mawili? Ningempelekea mtu mwingine picha. Nilidhani unanidharau.

Nimeuliza pale hospitali ya Nsambya. Daktari anasema kama ni mtoto wa jicho, huondolewa na mtu anarudi nyumbani. Kitanda cha Mama kipo, shuka nimefua. Mara ya mwisho kuuona uso wangu ilikuwa lini?

Aminah


Arua
19 Mei 2025

Koplo,

Mihogo imefufuka kwa mvua. Huzaifa amerudi salama toka Juba, mama yake amenenepa kwa siku tatu. Pélagie anakusalimu na anasema siku nyingine upokee simu.

Alinisomea yeye barua yako, sikumpa Mama Huzaifa. Alisoma kwa sauti sikioni mwangu, kibanda kizima kikasikia, basi sasa Arua yote inajua na sina cha kuficha. Nikikaa juani, kwa kioo cha kukuzia, nasoma herufi kubwa. Picha naona ukungu. Jicho la kulia lilianza mwaka juzi, la kushoto likafuata. Uso wako niliuona vizuri mara ya mwisho kwenye arobaini ya mama yako. Ulivaa njano.

Unaniuliza kwa nini sikusema. Tangu nistaafu hakuna mtu aliyeniuliza jambo la kazi yangu. Wananiuliza bei ya mbuzi. Barua yako ya Januari niliibeba mfukoni mpaka ikachanika kwenye mikunjo, Mama Huzaifa shahidi. Ningekwambia sioni, ungemuuliza mwingine, kama ulivyosema mwenyewe. Nikaona vidole vyako vitanitosha, na kijiti kitatosha. Kingetosha, kama ungepima siku ile niliyokuambia. Na picha ingetosha, kama ningempa hata Mama Huzaifa aniambie anaona matundu meusi mangapi na meupe mangapi. Nilikuwa namkunjia uso akizigusa. Nimemwota yule kijana Saverio mara nyingi, na simjui hata sura.

Hasira zako ni halali. Zangu pia, kwa lile la mizani. Tuziache zikae hapo hapo.

Nitakuja na basi la Dawudi wiki ya kwanza ya Juni, baada ya Idd ya kuchinja ikibidi. Sitaki kushikwa mkono kituoni mbele ya watu; tembea mbele yangu na uvae ile njano, nitakufuata. Mwambie Sajini Akullo asiiharibu ile bastola wala asiirudishe kwa Ocira kabla sijafika. Polisi na hospitali viko kilima kimoja, sitapanda mara mbili.

Ile picha ya tatu nimeiweka ndani ya msahafu isikunjike. Uliniuliza tangu Januari kama inafaa au haifai. Nitakujibu nikiiona.

Swaib